Nimepanda TAZARA mpaka Makambako kumkumbuka babu

Babu yetu alifariki akiwa na miaka 91, na mwaka ulipotimia familia ikakubaliana tukutane Makambako kwa ajili ya ibada na kuweka msalaba. Wengi walienda na basi maana unafika siku hiyo hiyo, mimi nikasema naenda na treni ya TAZARA, kwasababu hiyo reli babu ameijenga kwa mikono yake na nilitaka niipite taratibu nikiwa namuwaza yeye tu.

Tukaondoka Dar alasiri. Kabla giza halijaingia vizuri tukawa tumeshafika maeneo ya hifadhi, twiga wamesimama karibu na reli hata hawashtuki, watoto wote wamejazana madirishani wanaitana, raha tupu. Alafu ikawa usiku, nikalala kidogo, ila mawazo yalikuwa mengi.

Babu ujana wake aliuanzia kwenye mkonge Tanga, alienda manamba kama vijana wengi wa Kibena wa enzi zile, akarudi na cherehani ambayo bibi anaishonea mpaka leo. Uhuru unapatikana 1961 ameshaoa tayari. Ujenzi wa reli ulipoanza 1970 akaenda kuomba kazi. Kwa wasiojua, Zambia ilikuwa inahitaji njia ya kupitisha shaba yake mpaka baharini bila kutegemea Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini, Nyerere na Kaunda wakahangaika huku na kule, nchi za magharibi zikasema hailipi, China ndo wakakubali kutoa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na mwaka 1976 ikakabidhiwa. Sisi wajukuu wote tumefundishwa na babu kuhesabu mayai ya kuku kwa Kichina, yi, er, san, alijifunza kwa wale mafundi waliokuwa wanabeba nae mataruma.

Reli ilipokamilika akabaki kwenye genge la matengenezo, akaishi Mlimba miaka mingi mpaka anastaafu. Kazi yenyewe ni kutembea juu ya reli na nyundo, unagonga, unasikiliza, nati ikiwa imelegea unaikaza. Hiyo tabia alirudi nayo nyumbani, alikuwa hawezi kupita mlangoni bila kugusa bawaba kuangalia kama imekaa sawa.

Mlimba tulifika alfajiri, kina mama wanapita madirishani na mabeseni ya ndizi na chai. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, nikanunua ndizi, alafu nikamuuliza kama alimfahamu mzee mmoja wa genge, nikamtajia jina. Akashusha beseni chini. Akaniuliza we ni nani kwake, nikamwambia mjukuu, akashika mkono wangu kupitia dirishani hauachii, akasema huyo mzee ndo alimnunulia mwanae sare za shule mwaka ambao mume wake amefariki, na hakuwahi kumdai wala kulikumbushia. Alikuwa hajui kama babu hayupo tena. Nilivyomwambia alilia, na mimi nikalia, watu wanapita na mizigo yao pembeni. Treni ilipopiga honi akaniwekea kichane kizima cha ndizi dirishani akakataa hela, akasema mpelekee bibi yako, mwambie ni mama wa Mlimba.

Kutoka hapo mpaka Makambako ndo sehemu iliyowatesa kuliko zote wakati wa kujenga, mlima mtupu. Unaingia kwenye handaki giza linatanda behewa zima, unatoka unakuta upo juu ya daraja na bonde lipo chini huko, unaingia tena. Babu alikuwa anasimulia mvua za huku, udongo unaporomoka unafukia kazi ya wiki nzima wanaanza upya. Lakini yeye mwenyewe hayumo kwenye hizo simulizi, kwakweli ndo kitu nilichokuwa nakiwaza njia nzima, atakwambia nani alikuwa hodari wa baruti, nani alikuwa anaimba wakati wa kunyanyua, nani hakurudi kwao. Kuna Wachina wengi walifia kwenye ujenzi huu, na wapo waliozikwa kule Gongo la Mboto, alikuwa akija Dar lazima aende kuwaona.

Makambako baridi ile ile. Baba mdogo alikuja kunipokea stesheni na koti mkononi, kamwene (salamu ya kwetu) za hapa na pale, tukaenda nyumbani. Ibada ilikuwa nzuri, watu walijaa mpaka kwenye shamba la mipaina alilolipanda baada ya kustaafu, ile miti ndo imetusomesha karibu wote, inavunwa mistari michache wakati wa ada na mingine inapandwa.

Jioni nikampa bibi zile ndizi nikamweleza ya Mlimba. Alikuwa hajui kabisa. Miaka yote ya ndoa, hajui! Akacheka sana, akasema huyu mzee jamani, akauliza kama nimechukua namba ya huyo mama, nikamwambia ninayo. Akampigia hapo hapo, wakaongea mpaka salio langu likaisha, na kabla sijaondoka baba mdogo akawa ameshaambiwa apakie gunia la viazi kwenye treni ya kurudi, lishushwe Mlimba.