Days, mpira wa wanaokimbia

Nimemaliza Days jana usiku na lazima niiseme. Ni anime (katuni ya Kijapani) ya mpira wa shule za sekondari Japani, ya studio ya MAPPA, 2016, iliyotokana na manga (kitabu cha katuni) ya Tsuyoshi Yasuda. Wengi hapa, kwenye anime za mpira, mnaijua Blue Lock tu, na hapo ndipo roho inaponiuma!

Mhusika mkuu, Tsukamoto Tsukushi, hajui mpira. Hana chenga, hana shuti, mwili wenyewe mwepesi. Kazama Jin, fundi haswa, anamvuta kwenye mchezo, na safari ya timu ya shule yao, Seiseki, inaanzia hapo. Anachoweza Tsukushi ni kukimbia. Mazoezini anaachwa na wote, anahema, miguu inamgomea, lakini hasimami.

Nimecheza beki wa kulia sekondari. Najua kupanda na kushuka pembeni kipindi chote bila kupewa pasi hata moja, mapafu yanawaka, na hakuna anayekutazama. Days inamtazama mchezaji huyo. Kuna mechi ambazo picha zimeganda kidogo, kweli, ila sikujali.

Kama umewahi kukaa benchi ukiomba kocha aite jina lako, anza nayo wikendi hii. Vipindi ni 24.