Mapambo ya fedha ya Waberber yameniteka kabisa

Jamani, hapa Kampala kuna dada anauza vitu vya Moroko, juzi akanionyesha kibanio cha fedha cha pembetatu, pini ndefu na kipete kinachozunguka, nikakishika mpaka akaanza kunitazama vibaya. Wanawake wa Kiamazigh, yaani Waberber, wenyeji wa Afrika Kaskazini, huvaa viwili, kimoja kila bega, vimeunganishwa na mnyororo, na ndivyo vinashikilia nguo ambayo haijashonwa, kwa hiyo sio urembo tu ni kifungo kabisa! Tiznit kule kusini mwa Moroko ndo wanajulikana sana kwa mapambo ya fedha, ila mimi moyo wangu uko Algeria, kwa mafundi wa Ath Yenni milimani Kabylia. Wanachomelea vijiwaya vya fedha, katikati wanajaza unga wa kioo, moto unauyeyusha, unapata bluu, kijani na njano, halafu marijani nyekundu juu yake.

Bendera ya Waamazigh nayo ina rangi hizohizo: bluu bahari, kijani milima, njano jangwa, na herufi nyekundu katikati.

Ukitaka kununua kwaruza rangi kwa ukucha, ikibanduka basi hiyo ni rangi ya kupaka tu, kioo hakibanduki hivyo.