Nilivyoweka injini ya dizeli na gia otomatiki kwenye Land Cruiser ya 1983

Land Cruiser yangu ni FJ60 ya 1983. Chesisi haina kutu na bodi imetulia, ila injini yake ya petroli, 2F ya sisi 4230, ilikuwa inakunywa mafuta vibaya. Kutoka Arusha kwenda Engaresero ilibidi nianze kwa kupiga hesabu ya madumu. Kuliuza gari sikutaka hata kusikia. Nikaamua kuweka 1HD-T, dizeli ya turbo, pamoja na gia boksi yake otomatiki ya A442F, kama zilivyokuja kwenye Land Cruiser 80 za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Niliichagua kwa sababu injini hii haiendeshwi na kompyuta. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika, na gia zinapanda kwa presha ya mafuta na kebo inayounganishwa na mkono wa pampu. Kwa njia zetu za porini, ninachokiamini ni kile ambacho fundi anaweza kukifungua kwa spana.

Wauzaji wa injini za mtumba Dar watakupa injini peke yake kwa bei nzuri. Nilikataa. Nilitafuta gari lililokatwa nusu, ili nipate na rejeta, waya, kebo, mabomba ya turbo, mabano ya alteneta na boksi ya four-wheel. Bano moja likikosekana, gari linalala gereji huku unazunguka madukani.

Kabla injini haijapanda, tulifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. 1HD-T za mwanzo zinajulikana kwa kumaliza mapema beringi za konrodi, zile zinazokaa kati ya konrodi na krenki, na injini ikiwa chini kuzibadilisha si kazi kubwa. Zilizotoka zilishalika mpaka zikaanza kuonyesha shaba ya ndani. Tukaweka mpya, na mkanda wa taimingi pia, maana huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 na injini ya mtumba haiji na historia yake.

Maunti, yaani vishikio vya injini kwenye chesisi, zilichomelewa bila shida. Gia boksi ya otomatiki ni ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo propela ya nyuma, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ilifupishwa, ya mbele ikarefushwa, zote zikapimwa balansi. Tangi tuliliosha. Kwenye breki usifanye mchezo: injini ya petroli huipa busta, kifaa kinacholainisha pedeli ya breki, vakyumu yake (mvuto wa hewa) kutoka kwenye manifoldi, dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo hozi ya busta lazima iende kwenye pampu ya vakyumu ya injini mpya.

Kazi ya utulivu ilikuwa kebo ya gia. "Bosi, hii tukiikosea tunachoma klachi za ndani," fundi aliniambia. Mimi nikakanyaga pedeli mpaka chini, yeye akiwa ameinama kwenye boneti anaangalia kebo imevutika kiasi gani. Ikilegea, presha ndani ya gia boksi inakuwa ndogo na sahani za klachi zinateleza. Alifungua nati, akakaza, akaniambia nikanyage tena, mpaka pedeli na kebo zikafika mwisho kwa pamoja. Kisha tukafunga rejeta ndogo ya mafuta ya gia mbele ya ile kubwa, kwa sababu kwenye mchanga mzito otomatiki huchemka haraka.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni hab, zile za magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli. Four-wheel ya 80 ni ya muda wote, na FJ60 ina hab za kufunga kwa mkono. Ukiziacha wazi, nguvu yote inakimbilia propela ya mbele na gari halisogei mpaka ufunge difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Zangu sasa zinakaa zimefungwa.

Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, hivyo nilitunza risiti na nyaraka za forodha za injini, nikazipeleka TRA kubadilisha taarifa.

Mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu sasa linaupanda likiwa limejaa mizigo, na geji ya joto haisogei. Geji ya mizunguko ndiyo bado haifanyi kazi, kwa sababu ya zamani ilisoma kutoka kwenye koili ya petroli. Natafuta ya HJ60, ndugu yake wa dizeli.