Jino Nambari 38

Uvimbe wangu haukuwahi kuniuma, na hilo ndilo lililotuponza. Nilikuwa na miaka 23. Upande wa kushoto wa taya la chini, nyuma kabisa, palitokea kinundu kigumu, na ulimi ulikigundua kabla ya kioo. Miezi ikapita. Siku moja shangazi, niliyekuwa nikiishi naye, alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. "Shavu hili halilingani na lenzake," akasema.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshameza dozi mbili za antibiotiki kutoka kwa madaktari wawili tofauti, na nimeshang'olewa gego moja kwa sababu lilikuwa linacheza. Lilitoka zima, bila tundu hata moja. Aliyeling'oa alilitupa kwenye ndoo akaniambia nitapona. Hakuna aliyekuwa amenipiga picha. Bado najiuliza gego lile lilikuwa na kosa gani.

Daktari wa meno wa tatu alikuwa dada mmoja aliyenizidi umri kidogo tu. Alikuwa ameshaandaa sindano ya ganzi. Kabla ya kunichoma akakibonyeza kile kinundu kwa kidole gumba, taratibu, akanyamaza, akabonyeza tena. Mfupa ulikuwa unabonyea kama ganda la yai. Akairudisha sindano kwenye trei.

"Sikugusi mpaka nione picha."

Nikasimamishwa kwenye mashine, kidevu nimekiegemeza, meno yameuma kijiti cha plastiki, na eksirei ikanizunguka kichwa kutoka sikio moja hadi jingine. Picha ilipotoka tuliitazama sote watatu, daktari, shangazi na mimi. Gego langu la mwisho, ambalo kwa wengi huota kati ya miaka 17 na 25, halikuwa limeota. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya mfupa, na kichwa chake kimezungukwa na duara jeusi kubwa kuliko jino lenyewe.

"Hili ni 38," alisema. Nikashangaa, maana mtu mzima ana meno 32. Akanieleza kwamba kinywa hugawanywa robo nne. Tatu ndiyo robo ya chini kushoto, na nane ni jino la nane ukihesabu kutoka katikati. Kisha akapitisha ncha ya kalamu juu ya mistari miwili hafifu iliyokwenda sambamba ndani ya taya. Ile ilikuwa njia ya neva inayoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Duara lilikuwa limeisukuma hadi ukingoni.

"Nikiling'oa hapa, taya linaweza kuvunjika. Tena sijui hiki cheusi ni nini. Huenda ni mfuko wa maji tu. Huenda ni uvimbe unaokula mfupa, ambao usipotolewa wote hurudi. Kwenye picha vinafanana. Kazi hii imenizidi. Unahitaji bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso."

Imenizidi. Nalishukuru neno hilo kuliko dawa yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Kumpata huyo bingwa kulikuwa safari nyingine. Pale mapokezi waliona neno "uso" kwenye barua ya rufaa wakatupeleka kwa madaktari wa pua, koo na masikio. Tulikaa foleni asubuhi nzima, tukaambiwa kwa upole kwamba taya la chini si lao. Kwingine, daktari wa upasuaji wa jumla alikuwa tayari kunipasua wiki ileile. Shangazi akamuuliza, "Na ule mshipa wa mdomo, daktari?" Akajibu kwamba hayo yataonekana humohumo ndani. Shangazi akaichukua bahasha ya picha mezani, akamshukuru, tukatoka. Nililia kwenye ngazi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka mtu yeyote anikate yaishe.

Tukampigia yule dada. Akasema, "Nendeni wanakofundishiwa. Hospitali yenye shule ya udaktari wa meno. Msiishie mapokezi makuu, ulizeni kliniki ya taya na uso kwa jina lake."

Kwenye benchi la kliniki hiyo ndipo nilipoielewa fani yenyewe. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mchanga mwenye mdomo uliopasuka hadi puani. Mzee mmoja alikuwa na kidonda cha ulimi kisichopona. Pembeni yangu alikaa kijana aliyevunjika taya kwenye ajali, meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa nyaya, mazungumzo yake yote kwenye daftari. Aliniona ninavyotetemeka, akaandika, akanisogezea: "Usiogope. Anaeleza kila kitu kabla hajagusa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Shangazi hakumung'unya maneno: "Daktari, hii umeisomea?" Bingwa hakukasirika hata kidogo. Akamjibu kama mtu anayeheshimu swali: alisomea kwanza udaktari wa meno, akafanya kazi, kisha akarudi kusomea upasuaji huu kwa miaka minne. Halafu akanigeukia mimi.

"Funga macho. Ukisikia nakugusa, inua kidole."

Akachukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi. Akaipitisha kwenye mdomo wa chini kulia, kushoto, kidevuni, polepole, mara nyingine akisita bila kugusa ili ahakikishe sibahatishi. Niliinua kidole kila mara. Akaandika kwenye faili kwamba hisia ni kamili, akasema anataka ibaki hivyohivyo.

Hakukimbilia kulitoa jino. Alitoboa kidirisha kwenye ule mfuko, akachukua kinyama cha kupeleka maabara, akaacha mrija mdogo wa kupunguza shinikizo. Majibu yalirudi: ni mfuko wa maji uliojengeka kwenye gego lenyewe, si ule uvimbe unaokula mfupa. Shangazi alisujudu palepale korido. Kwa miezi saba nilisafisha mrija ule kila siku kwa maji ya chumvi na bomba la sindano lisilo na sindano, na kila picha mpya ilionyesha cheusi kimepungua na mfupa unajijaza, ukijitenga na neva.

Ndipo akalitoa, na mabaki ya mfuko pamoja nalo. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi, kope zilikuwa nzito na shavu limevimba. Sikuweza kusema. Nikasikia kitu chepesi kikipita kwenye mdomo wangu wa chini, upande wa kushoto, chepesi kama uzi.

Kabla sijafungua macho nilimsikia shangazi akipiga kelele: "Ameinua kidole!"