Vijaluba vya poda mnadani: angalia ndani kwanza

Ukiwa Uingereza na unataka kuingia kwenye biashara ya vitu vya kale vya kujirembea, anza na vijaluba vya poda vya kampuni ya Stratton, yaani vile visanduku bapa vya mkobani vyenye poda na kioo ndani. Vilitengenezwa Birmingham kwa wingi mno, na leo vinauzwa kwa mafungu kila nyumba ya bibi inapohamwa. Ukifungasha kijaluba kimoja kisizidi unene wa sentimita 2.5, kinakwenda posta kwa bei ya barua kubwa, si ya kifurushi.

Kosa la wageni ni kupenda kifuniko. Muuzaji anapiga picha maua yaliyo juu, basi. Mwandikie kabla ya kuweka dau, omba picha za ndani: kioo, bawaba na kifuniko cha pili. Hicho cha pili ndicho kilichoipa Stratton sifa: ukifungua cha juu, cha ndani kinajiinua chenyewe, mwenye nacho asivunje kucha. Kisipojiinua, mara nyingi ni poda ya miaka mingi iliyogandia ukingoni, na hiyo inatoka kwa brashi kavu ya rangi na kijiti cha meno. Kikiwa kimepinda, achana nacho. Uliza pia kama wavu wa kuchujia poda upo, na sponji yenye jina la kiwanda.

Madoa meusi kwenye kingo za kioo hayafutiki. Ni unyevu ulioila fedha iliyopakwa nyuma ya kioo, kwa hiyo usikitumbukize kijaluba majini hata kiwe kichafu namna gani. Wala usikiguse kwa dawa ya kung'arishia shaba. Itaondoka na rangi ya dhahabu, ibaki shaba tupu, na mnunuzi mzoefu ataiona kwenye picha ya kwanza.

Brashi na vioo vya mkono vya fedha vina mtego wake. Tafuta chapa ya simba anayetembea iliyogongwa kwenye fedha, ndiye shahidi wa fedha ya Kiingereza ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Chapa ya nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni ya London. Herufi EPNS maana yake ni fedha ya kupakwa tu. Hata penye simba, usipige hesabu ya fedha kwa mizani: mgongo wa brashi ni bati jembamba la fedha, ndani mara nyingi kumeshindiliwa lami. Unapima lami.

Pembe za ndovu usiguse. Sheria iliyoanza kutumika 6 Juni 2022 imefunga karibu milango yote, na gamba la kasa ng'amba nalo lina masharti yake mazito. Vitu hivi vilipita kwa wingi bandari ya Zanzibar enzi hizo, ndiyo maana vitana vyake havijaisha Ulaya. Lakini vingi vinavyoonekana pembe ni seluloidi, plastiki ya zamani. Sugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, unuse: seluloidi inatoa harufu ya kafuri, na mistari yake imenyooka sambamba. Pembe ikikatwa, mistari hukatizana kama wavu. Wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto hawajaona seluloidi ikiwaka.

Sasa bei. Kwenye nyumba za mnada, bei inayogongewa nyundo si mwisho. Chukua fungu lililogonga paundi 40, mnada unaomtoza mnunuzi ada ya asilimia 25: hiyo ni 10, VAT juu yake 2, na tovuti uliyowekea dau ikichukua asilimia 4.95 na VAT juu yake unaongeza 2.38. Umefika 54.38 na posta bado. Gawa kwa idadi ya vijaluba vizima, si vyote vilivyomo kwenye fungu. Kwenye eBay, weka kiwango chako cha juu mara moja, sekunde za mwisho, kisha ondoa mkono. Mfumo utapandisha dau wenyewe hadi hapo.

Mwenye viza ya mwanafunzi asijaribu. Kuuza vyombo vyake mwenyewe sawa, ila kununua ili uuze ni kujiajiri, na viza hiyo inakataza. Wengine, mauzo yakipita paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Ukifikisha mauzo 30 kwa mwaka, tovuti unayouzia yenyewe itawapelekea taarifa zako.

Kutuma: vioo vingi huvunjika kwa sababu kijaluba kimebanwa tupu. Rudisha sponji au weka kitambaa laini kati ya kioo na kifuniko cha ndani, funga, zungusha karatasi laini, kisha kadibodi ngumu pande zote mbili. Chupa za marashi zinazokwenda nje ya Uingereza mwaga kilichomo na uzikaushe. Royal Mail, posta ya Uingereza, hawapeleki manukato ng'ambo, hata yawe tone chini ya chupa.