Siku moja maishani mwangu: Kufungua jengo la ofisi baada ya miezi mitatu

Nairobi, Julai 2020. Jengo lina ghorofa nane, lifti moja na wapangaji 11, na siku za kawaida huingia watu 220 hivi. Jengo lilifungwa kwa sababu ya korona. Leo ni Alhamisi, Jumatatu wapangaji wanarudi. Kazi yangu ni kusimamia jengo, nikiwa katikati ya mwenye jengo na wapangaji.

Saa 12:00 asubuhi. Tunaanza na maji, maana hayo ndiyo yanayosahaulika. Maji yakilala kwenye bomba kwa wiki kadhaa klorini huisha, na bakteria wa lejonela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 45. Mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo sana ya maji yenye bakteria hao, kwa hiyo mifereji hufunguliwa polepole, maji yasirukeruke. Tangi la juu ni la lita 10,000. Tunalimwaga, tunalisugua, tunalijaza upya, kisha tunatia klorini miligramu 50 kwa kila lita na kuiacha saa nzima. Kwa unga wenye klorini asilimia 65, hiyo ni gramu 770. Unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Fungua mifereji mpaka harufu ya klorini ifike kwenye ule wa mwisho kabisa, subiri saa hiyo, kisha suuza kila ghorofa kwa maji safi, ukiwa umefungua vichujio vidogo vya mdomoni mwa mifereji.

Hapa ushirikiano unapimwa mapema. Wapangaji wawili walifunga ofisi Machi wakaondoka na funguo. Bomba ni moja kwa jengo zima. Sinki la ghorofa ya tano lisiposuuzwa, maji yaliyolala yanabaki kwenye mfumo wa wote. Nimewapigia simu tangu Jumanne, na funguo zimefika leo saa 2:00.

Kuna pia harufu ya maji taka. Mara nyingi bomba halijapasuka. Ile kona ya bomba chini ya sinki na ya mashimo ya sakafuni, ambayo maji yake huzuia harufu, imekauka, na hewa ya maji taka inapanda. Mimina lita moja ya maji kila shimo kabla hujamlipa fundi.

Saa 3:00. Lifti. Hapa ndipo majengo mengi yatakwama. Inabeba wanane, sasa ni wanne, kila mmoja kwenye pembe yake. Tumepima kwa saa ya simu: kupanda na kushuka, pamoja na kusimama njiani, dakika mbili na nusu. Ni safari 24 kwa saa, watu 96. Ghorofa tatu za kwanza wakipanda ngazi, wanabaki 140 hivi. Wote wakifika saa 2:00, wa mwisho atasubiri karibu saa moja na nusu, kwenye foleni ndani ya ukumbi uliofungwa, yaani ugonjwa tunaoukwepa ofisini tunaukusanya mlangoni. Kwa hiyo zamu tatu: saa 1:30, 2:00 na 2:30, watu wasiozidi 48 kila zamu. Ya mwisho tumewapa wapangaji wenye wafanyakazi wa mbali, kwa sababu matatu ya abiria 14 inabeba wanane tu siku hizi za korona na kuipata ni kazi.

Saa 5:00. Hewa. Viyoyozi vya ukutani huzungusha hewa ileile, haviingizi mpya. Madirisha yafunguliwe hata kukiwa na baridi ya Julai. Kipimo cha kaboni dioksidi kikipita sehemu 800 kwa kila milioni ya hewa, chumba kina watu wengi kuliko hewa yake.

Saa 7:00. Dawa ya kupangusa. Ya klorini ya dukani yenye asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji, ichanganywe kila siku. Osha kwa sabuni kwanza. Uchafu huimaliza dawa nguvu. Usiichanganye na asidi ya choo, hutoa gesi ya klorini. Vitasa vya nje na vitufe vya lifti ni juu ya mwenye jengo. Ndani ya mlango, mpangaji.

Saa 8:00. Kikao cha kodi, kwenye maegesho, viti vikiwa mbalimbali. Malimbikizo yaandikwe: kiasi gani, kwa miezi mingapi, kuanzia lini, na kama yameahirishwa au yamesamehewa, maana hayo ni mambo mawili. VAT kwenye ankara ni asilimia 14 tangu Aprili, si 16. Ada ya huduma, ile ya kuchangia gharama za jengo zima, ndiyo inayochoma: kwa nini wapangaji walipe dizeli ya jenereta ambayo haikuwaka? Mwenye jengo ameleta daftari la matumizi, ukurasa kwa ukurasa, na kiasi kilichobaki kimeingizwa kwenye ada ya Agosti. Bila daftari hilo kikao kingevunjika.

Saa 11:00 jioni. Wasafishaji wanaondoka sasa, wafike nyumbani kabla ya kafyu ya saa 3:00 usiku. Mpangaji wa ghorofa ya saba anataka kubadilishana zamu na wa sita. Wamekubaliana, nafuta kwa kalamu na kuandika upya kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya lifti.