Pale kwenye Sika, ulikuwa wapi?

Jumapili, usiku

Jana nimepiga takasimu peke yangu mbele ya watu, ya kwanza tangu ile ya harusini. Nimerudi nyumbani saa saba kasoro, na mpaka sasa fidla iko juu ya kitanda, sijairudisha kwenye boksi lake. Nataka niandike kabla sijasahau ilivyokuwa, maana najijua: wiki ijayo nitakumbuka makosa tu.

Kwa asiyezoea taarab, takasimu ni ile sehemu ambayo chombo kimoja kinaachwa peke yake kabla ya wimbo, kinaizunguka maqamu, yaani ule mpangilio wa sauti ambao wimbo unautumia, taratibu mpaka masikio ya watu yaizoee na mwimbaji aipate. Haiandikwi popote. Ngoma ya dumbak inalazwa mapajani, tari ya rika inatulia, na kundi zima linakusubiri wewe.

Pale harusini maqamu ilikuwa Rasti. Rasti ina sauti yake ya tatu ambayo huikuti kwenye kinanda. Si mi, wala si mi iliyoshushwa nusu. Iko baina yao, na wakongwe wanaiita Sika. Akodioni yetu haina sauti hiyo, kwa hiyo tukifika hapo mpigaji wake anatuachia sisi. Na shingo ya fidla haina alama yoyote ya kukuonyesha. Kidole cha shahada kinaitafuta kwenye uzi wa re kwa sikio tupu. Kikizidi juu kwa unene wa ukucha, Rasti imeshaharibika.

Mimi nilizidisha. Pengine ukumbi mzima walioisikia hawakufika watano, na sauti yenyewe ilipita mara moja ikaondoka. Mimi ndiye sikuondoka. Vidole viliendelea na safari, nafsi ikabaki pale pale ikihesabu mashahidi: mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kasikia, Maalim wetu kasikia, yule bibi wa safu ya mbele mbona kakunja uso? Na kile kipande cha akili kilichosalia kilishatangulia mbele, kwenye mpando wa juu ambao uliwahi kunishinda mazoezini, kikaanza kuuogopa kabla haujafika. Baina ya huko nyuma na huko mbele, pale penye upinde na uzi hapakuwa na mtu.

Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Wapigaji wa fidla wanalijua balaa hili. Upinde ukiuvuta polepole, mtetemeko mdogo wa vidole unakuwa mkubwa ukifika katikati yake, nywele zinarukaruka juu ya uzi, na sauti inakatikakatika kama ya mtu anayejizuia kulia. Huwezi kuuficha. Nami nikakimbia. Kila penye kimya nikapajaza noti, nikateremka kwenye do kabla ya wakati, nikatikisa kichwa kwamba nimemaliza. Dumbak haikuwa tayari. Mpiga kanuni, Mungu ampe kheri, akazungusha vipande viwili vya kuziba pengo mpaka mwimbaji akapata pa kuingilia.

Sikwenda mazoezini wiki mbili. Nilisema nasahihisha mitihani ya skuli. Mitihani ilikuwapo kweli, lakini niliimaliza siku ya tatu.

Shaka hii si ya harusi ile tu, nimekaa nayo miaka mingi. Nilianza fidla nikiwa na miaka ishirini na tatu, katika lile jengo la zamani la Forodha pale Mizingani, nikikaa darasa moja na watoto wa miaka kumi ambao vidole vyao vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Mji Mkongwe una vilabu vya taarab vya zamani mno. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Kundini kwetu wapo waliozaliwa ndani ya muziki huu, babu yake mtu alipiga udi, mama yake mwengine aliitikia nyimbo. Mimi baba yangu ni mkulima wa karafuu wa Pemba, na kwetu hakuna aliyewahi kushika chombo. Kwa hiyo kila nikikosea, sauti moja ndani yangu haisemi "umekosea". Inasema "si tulikwambia?"

Nikiwa nyumbani hujitia moyo kwa Siti binti Saad. Alitoka Fumba kwa watu wanaofinyanga vyungu, akaja mjini hana jina, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Namfikiria amesimama mbele ya mashine, mbali na kwao, hakuna hadhira ya kumwitikia "Allah!" mwisho wa ubeti, naye anaimba. Linanipa nguvu sana jambo hili. Ila nimegundua kwamba jukwaani halinisaidii, na imenichukua muda kuelewa kwa nini. Jukwaani, kumfikiria Siti nako ni kuwa kwengine. Hata kujiambia "unaweza, unaweza" ni mazungumzo, na anayezungumza hasikilizi.

Maalim ndiye aliyeniita. Alimtuma kijana aje aniambie: njoo na fidla, usije na udhuru. Nikamkuta ukumbini peke yake, baada ya Isha, anafuta vumbi la ulimbo kwenye fidla yake kwa kitambaa cha kanga.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Hakuniuliza habari za wiki mbili. Akaniuliza, "Pale kwenye Sika, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa hapo hapo, kidole tu ndicho kilichozidi.

"La. Kidole kilikuwapo. Wewe hukuwapo."

Kisha akaninyima Sika. Usiku ule wote na siku tatu zilizofuata nilipiga uzi wa re mtupu, bila kidole, upinde mmoja kutoka kitakoni hadi nchani. Sharti lilikuwa moja: nimwambie nilichosikia. Mara ya kwanza nikasema, nimesikia re. Akasema rudia. Baada ya kurudia sana nikaanza kusikia kwamba sauti ile moja ina mwanzo wenye mchanga, kisha inafunguka, kisha karibu na ncha inakonda, na kwamba mbao ya fidla inanipiga kidogo kwenye mfupa wa taya. Nilikuwa nimepiga uzi huo miaka kumi na moja sijaujua hivyo. Na upinde haukutetemeka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na kazi nyengine kuliko kuungoja utetemeke.

Akanionyesha pia mambo ya mwili, maana hofu ni ya mwili vilevile: kidole gumba kilegee, uzito wa mkono uangukie uzi kutoka begani, upinde uanze pamoja na pumzi inayotoka. Anayeziba pumzi, mkono wake umekwisha. Hili ningelipenda kila mwanafunzi aambiwe siku ya kwanza, wala asiachwe kudhani kwamba kutetemeka ni ushahidi kuwa hana kipaji.

Usiku wa nne aliniambia neno la wanamuziki wa Misri, saltana. Ni ile hali ya mpigaji au mwimbaji kujaa maqamu mpaka hawezi kutoka ndani yake, inamtawala kama sultani. "Takasimu tunaipiga kwa ajili hiyo," alisema. "Wewe unafikiri tunaipiga watu watuone." Nilishindwa kumjibu. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Jana sasa. Ukumbi wa wazi, upepo umebeba unyevu wa bahari, nyuzi zinalegea kila baada ya nyimbo mbili. Rasti ile ile. Nilimwomba wa besi anishikie do chini yangu asiiachie, awe ukuta wangu. Nikatoa pumzi, nikaanza.

Sauti ya shaka ilikuja, tena mapema. Sikuwa nimetoa hata vipande vitatu ikaniambia, Sika inakuja, utazidisha tena. Nilikuwa nimetarajia kwamba kwa mazoezi yote yale ingenyamaza, haikunyamaza. Nikaiacha iseme kama nilivyoiacha pikipiki iliyokuwa ikipita nje ya ukuta, nikarudi kwenye besi. Do yake ilikuwa nene, ina mkwaruzo kidogo. Kidole kikapanda. Sika ikatoka iko chini kidogo safari hii, nikaisikia iko chini, na kidole kikaisogeza kabla sijaamua chochote.

Halafu nikanyamaza. Mahali ambapo harusini nilipajaza noti, jana niliinua upinde nikaacha pawe patupu. Ilikuwa kama dakika nzima. Nilimsikia mtu akiweka chupa ya soda juu ya meza, nikausikia upepo kwenye spika. Kisha kutoka nyuma upande wa akina mama sauti moja ikasema "Aaah!", polepole, kama mtu aliyetua mzigo, na mimi nikaingia tena kutoka pale alipoishia yeye.

Kule juu mkono ulitetemeka. Noti mbili hivi zilikwaruza. Nikazisikia, zikapita, na nilipoteremka dumbak ilikuwa inanisubiri.

Mtoto wa dada yangu alirekodi kwa simu. Leo asubuhi nimeisikiliza mara moja tu. Kile kimya nilichokiona kirefu nimekipima: sekunde nne.

Baada ya shoo Maalim alikuwa anafunga boksi lake, hakunisifu. Amesema Jumatano mazoezini niongoze maqamu nyengine, Bayati. Kwenye Rasti ninapata hatua mbili za kujiandaa kabla ya Sika. Kwenye Bayati, nikianzia re, sauti ile ile ndiyo ya pili, naikuta mlangoni, kidole hakijapata hata joto. Nimeshaujaribu leo jioni uzi mtupu, kabla ya Magharibi, dirisha likiwa wazi. Bado kidole sijakiweka.